Mshumaa Ndani ya Kopo

Kila mara kabla mchimba visima hajashuka, mkewe aliwasha mshumaa, akausimamisha ndani ya kopo na kuuteremsha kwa kamba ya ndoo. Ukiwaka mpaka chini, mtu anashuka. Ukizimika, hewa ya chini ni mbaya, hashuki mtu, hata angekuwa mfalme. Miaka kumi na tisa walifanya kazi hiyo pamoja, na sharti hilo hawakulivunja.

Siku moja walilivunja bila hata kugombana. Asubuhi mshumaa uliwaka vizuri. Walipokwisha kula chakula cha mchana, mume akashika kamba.

"Na mshumaa?" mke akauliza.

"Si uliwaka asubuhi? Hewa haijahama nyumba, Mama Pacha. Udongo umeanza kulowa. Leo hii maji tunayapata."

"Kamba umefunga kiunoni?"

"Nimefunga, askari wangu."

Mke akazungusha polepole gogo la kukunjia kamba lililokuwa mdomoni mwa kisima, mume akazama gizani. Mikono ya chuma ya gogo ilikuwa imeviringishwa shati kuukuu. Mumewe ndiye aliyeiviringisha, siku ya kwanza kabisa, ili viganja vya mkewe visichubuke. Hakumwambia neno, mke alikuta tu imeshafanywa.

Sururu ikasikika huko chini. Pu. Pu. Kisha ikakawia. Pu. Ikakawia tena.

Mshumaa ulikuwa mfukoni mwa mke, ukimlalia pajani kama lawama. Akauwasha, akateremsha kopo akihesabu mafundo ya kupimia kina kwenye kamba ya ndoo. Fundo la kumi na moja, moto ukasinyaa. La kumi na mbili, ukafa.

Ni upepo tu, akajiambia. Akauvuta, akauwasha upya. Ukafia palepale. Na mumewe alikuwa fundo la kumi na nne.

"Baba Pacha! Panda!"

Halafu ikaja sauti nzito, ya kilevi, ya mtu ambaye hajawahi kuonja pombe: "Ngoja kidogo... nasikia maji."

"Panda, nasema!"

"Wewe niombee tu... tumebakiza mkono mmoja."

Sala kwake haikuwa mzigo. Akafumba macho, akainua mikono. "Ee Mungu..." Lakini angeomba nini? Mshumaa uzimike halafu mtu apone? Alichotaka kuuliza alikuwa ameshajibiwa, tena mara mbili. Akafumbua macho. "Ee Mungu, nipe nguvu," akamalizia, na mikono ilikuwa tayari kwenye chuma.

Gogo likagoma. Akapiga ukelele. Mwenye kiwanja, mjane mshona nguo, akatoka mbio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Hakuuliza swali hata moja, akadaka mkono wa pili wa gogo.

"Vuta, mwanangu, vuta! Maji yangu hayana haraka!"

Mume akatokeza akining'inia kama gunia, uso rangi ya majivu. Wakamlaza kivulini. Mjane akampepea kwa karatasi za kukatia nguo, akihesabu kila pumzi kwa midomo. Muda mrefu ukapita ndipo mume akafumbua macho, na neno la kwanza likawa lawama.

"Mmeniharibia. Mkono mmoja tu!"

"Mkono mmoja tu, nami ningebaki mjane," mkewe akajibu.

"Na ujane hauna fundi wa kuurekebisha, baba," mshonaji akasema. "Niulize mimi."

Mume akatazama viganja vya mkewe. Shati lile la kwenye gogo lilikuwa limeraruka, na damu kidogo ilitoka. Akavishika.

Siku mbili walipandisha na kushusha matawi ya majani kisimani ili kuikoroga hewa. Siku ya tatu, mke alipotia mkono mfukoni, hakukuta mshumaa. Mumewe alikuwa amekwisha chuchumaa mdomoni mwa kisima, akiteremsha kopo lenye mshumaa taratibu, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu."

Mwanga ukazimika.

Harufu ya udongo mbichi ilipanda mpaka juu. Maji yalikuwa karibu, na wote wawili walijua.

Mume akavuta kopo, akalifuta vumbi kwa ukingo wa shati lake.

"Kesho," akasema, akaenda kukata matawi mengine.