Nguo kwenye Kamba za Mtaa

...na ile sare ya kwaya ndiyo itakayomuumbua, aliwaza Mektrida, maana mtu akitazama vizuri ataona nyingine kama hiyo ng'ambo ya barabara, na nyingine tena kwa Jacob, atajiuliza ni mtaa gani huu ambao kila nyumba ina mwanakwaya, lakini mgeni wala hakuwa akitazama nguo, alikuwa pale getini na simu sikioni, anakwenda anarudi, Bwana Sirili wa Tarakea, kule Rombo, anayetafuta mahali pa kuweka kiwanda chake cha mtindi, aliyemwamkia shikamoo mama mwenyekiti kwa adabu mpaka Mektrida akaona aibu, aibu kidogo tu, kwa sababu nguo zote zile zilikuwa zake yeye na jirani yake Winfrida, wamezianika alfajiri kwenye nyua za nyumba zisizo na watu, zilizo safi wakazilowesha kwanza ili zidondoshe maji, Winfrida akicheka hadi akakaa chini, weka na soksi za mtoto, mwenyekiti, nyumba bila mtoto nani ataiamini... sasa angefanyaje, mwaka jana alikuja yule wa duka la dawa, akayatazama majumba haya ya vigae yaliyoota kama uyoga tangu lami ifike, madirisha yamefungwa, akauliza, mama, hapa dawa nimuuzie popo?, akapanda pikipiki yake, na mpaka leo mtoto akichemka ni mbio Kiboriloni... na si kwamba mtaa haukui, unakua, kila ukigeuka kuna msingi unachimbwa, ila wenyewe wako Dar, wako Mwanza, wanajenga wapate pa kufikia Desemba, wachome mbuzi mzima wa ndafu, wapige picha roshani, halafu mkungu wa ndizi waliokatiwa haujaiva wote, geti linafungwa, ufunguo kwa mwenyekiti, na funguo zao hizi hapa mfukoni, zinavuta gauni upande mmoja...

"Nakuambia pamejaa, Violet!" Sirili alikuwa akimwambia mkewe, na moyo wa Mektrida ukaruka, pamejaa, ameamini, Winfrida lazima asimuliwe hili, "pazuri kweli, maji yapo, maziwa yanashuka asubuhi kutoka Uru, lakini kila nyumba ina watu, nguo nimeziona kwa macho yangu! Wafanyakazi wangu watapanga wapi na familia zao? Niwatoe Rombo nije niwalaze juu ya madebe ya maziwa?"... Yesu na Maria, wafanyakazi, hakusema habari ya wafanyakazi, au alisema wakati yeye anamvuta akaone bomba, ee Mektrida, umemfungia mtu mlango kwa soksi, kicheko kikampanda akakimeza, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinaondoka mbele ya macho yake na mtaa wenyewe una vyumba vya kulaza kijiji kizima... amwambie, Bwana Sirili, ni tupu hizi, tutawapigia wenyewe, Jacob ataelewa, na wengine... na wengine watamuuliza, mwenyekiti, ya kwenu umeitoa?, na ya kwao ni hii hapa nyuma yake, ya mwanawe Mathew, makochi yamefunikwa mashuka, mama mtu analala nyumba ya uani, akiingia humo Jumamosi kupiga deki anavua ndala mlangoni kama anaingia kwa askofu, kwa sababu Mathew alisema, mama, hiyo nyumba ni heshima yetu, asilale mtu, naye akaitikia, miaka yote ameitikia... na kule Uru alikokulia yeye, kwa mama yake, chumba kimoja, moshi, mbuzi ndani, msimu wa kahawa wageni wanalala mpaka mlangoni, usiku unamkanyaga mtu unaomba radhi, nani aliwahi kusema wale hawana heshima... yeye ni mpweke, basi, aseme tu, amezungukwa na majumba na jioni hasikii hata mtu akikemea mtoto... wamama wa Rombo wakibishana pale bombani, mtoto amwage uji kwenye kochi la Mathew, la Mathew lenyewe!, na akajikuta anatabasamu, Mathew atafoka, afoke, Desemba atakuta nyumba inanukia kitunguu na watu wanamwita kaka, chumba kimoja atabakiziwa, na yule wa dawa atarudi mwenyewe bila kuitwa...

"Sasa nifanyeje, Violet, nimuage tu mama wa watu?" alikuwa akisema Sirili, bado yuko getini, bado amempa mgongo, na Mektrida akaisogelea kamba, akaanza kuanua, sare, kitenge, soksi za mtoto asiyekuwepo, nyingine bado mbichi, akazitupia zote begani, maji yakimchuruzika mgongoni, na kwa mkono uliobaki akaupapasa mfukoni ufunguo wa mlango wa mbele wa Mathew.