Mwali wa Njano

Radikali ya asidi, nusu ya kwanza ya chumvi tuliyopewa kuitambua, niliipata mapema: kloraidi, sina ubishi. Ilibaki ya besi, nusu ya pili ya chumvi ile, na shangazi yangu, msimamizi wa mtihani, alikuwa ameniganda kama ruba. Nyumbani hunidekeza, maabarani hanijui.

Nilichovya waya kwenye chumvi, nikautia motoni. Mwali ukawa wa njano. Nikaandika sodiamu. Kumbe mwali wa jirani yangu ulikuwa wa zambarau, yaani potasiamu, na sote tulichotewa kutoka chupa moja. 

Nikasafisha waya kwa asidi, nikaukausha kwa vidole, nikarudia kipimo. Njano ileile. Jasho likanitiririka, nikalifuta kwa kiganja huku nikimlaani jirani kimoyomoyo.

Halafu nikaitazama mikono yangu, imelowa chapachapa. Nikausafisha waya tena, safari hii sikuuchovya popote. Niliushika kwa vidole tu, nikauchoma.

Njano.

Jasho lina chumvi yake, ya sodiamu, na njano yake huimeza zambarau. Muda wote ule nilikuwa napima woga wangu mwenyewe.

Nikanyakua kalamu nifute jibu.

“Kalamu chini,” akasema shangazi, bila kunitazama.