Makoti Matatu ya Kachero

Bi Pindo alikuwa fundi mavazi wa filamu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzeesha. Nguo mpya humwumbua mwigizaji, kamera haina huruma. Basi alizisugua kwa msasa, akazichovya kwenye chai ya rangi, akazitia mawe mifukoni zilegee, mpaka shati la asubuhi likaonekana limeshazika watu watatu.

Safari hii ilikuwa filamu ya ujasusi. Muongozaji alikataa suti zote. Kachero wa kweli, alisema, huvaa kitu ambacho hata aliyempisha mlangoni hawezi kukikumbuka. Bi Pindo hakutafuta mbali. Alikwenda kwa mama yake akaazima koti la kijivu la marehemu baba.

Koti hilo ndilo pekee alilobakiza baba. Utotoni alilitazama likitoka mlangoni kila mwisho wa wiki, baba akisema ana kazi ya siri, asiulizwe. Bi Pindo hakuuliza. Alijivunia kimoyomoyo, na utu uzima wake wote aliamini kwamba baba alilitumikia taifa kwa njia zisizoandikwa. Mama alimpa koti akamwambia tu kwamba cha kuazima hurudi.

Muongozaji alilipenda. Ila kachero alikuwa apigwe risasi, na risasi ya filamu ni kibaruti na kifuko cha damu bandia. Koti likishalipuliwa ndiyo basi tena. Bi Pindo akapata mengine mawili ya kitambaa kilekile kwenye mitumba. Ili apate vipimo alilifumua la baba mshono kwa mshono, kisha akayashona yote matatu kwa uzi mmoja, akayasugua yale mawili mpaka yakalingana na mwenzao. Hakutia alama. Alama ingeonekana kwenye kamera, alijiambia. Kusema kweli, alitaka kujua kama angeweza kujidanganya mwenyewe. Aliweza.

Siku ya kupiga picha, ndani ya ofisi ya kijasusi yenye kuta za mbao nyembamba na dirisha lililochorwa jiji zima, makoti matatu yalining'inia na fundi wake hajui lipi ni lipi. Aligeuza mifuko, akanusa kola, wapi. Koti lile la baba likitobolewa, baba atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake. Msaidizi wa muongozaji akauliza tena wanangoja nini. Bi Pindo akampigia mama simu.

Mama alikuja na mkoba wake, akasalimiana na kila mtu hadi maiti wa kuigiza, akayatazama makoti kidogo tu, akagusa la katikati.

"Hili narudi nalo nyumbani."

Kisha akaomba kiti, akakaa kutazama. La kulia lilipigwa risasi mwanzo, lakini mwigizaji akapiga chafya akiwa ameshakufa. Wakarudia na la kushoto. Hapo kachero alikufa vizuri.

Alasiri Bi Pindo alikwenda kushukuru. Alimkuta mama anakunja shuka, akamwuliza alilitambuaje.

"Miaka kumi na minane nalivua mabegani kwake. Nisilijue?"

Bi Pindo alilipapasa koti pale kitini, machozi yakimlengalenga, akasema angalau baba amesalimika.

"Hilo umelizeesha wewe, ndiyo maana nimelitaka," mama alisema. "La baba yako lilikuwa la kushoto."

"Mama, la kushoto si lilipigwa risasi?"

"Nililiona. Kile kiti unadhani nilikiombea nini?"

Bi Pindo alikaa kitako kitandani. Aliuliza kwa sauti ndogo. "Na ile kazi ya siri?"

Mama aliunganisha ncha za shuka, akalikunja, akaliweka juu ya mengine.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai. Baba yako alificha na akazaa huko nje, wawili. Wa kwanza na wewe mmezaliwa mwaka mmoja."