Beki Niliyemtoa kwa Takwimu

Usiku wa kuamkia Jumapili niliota ndoto, na kwa kuwa mimi si mtu wa kuotaota hovyo, naisimulia kama ilivyokuwa. Sitii chumvi. Kazi yangu ni kusoma mita za maji hapa Tabora mjini, na msoma mita akitia chumvi mtaa mzima unamjia juu.

Kwanza mjue jambo moja. Pale ofisini tunacheza ule mchezo wa simu wa kuunda timu ya kubuni. Unachagua wachezaji wa kweli wa ligi, unawapanga kwenye kikosi chako, na wanachofanya uwanjani kinakuletea wewe pointi. Kila wiki unaweza kumtoa mmoja ukamwingiza mwingine, mradi dirisha la usajili halijafungwa. Mwenzangu Kapufi huchagua kwa sura. Eti huyu ana macho ya mfungaji! Mimi nina daftari. Naandika dakika, mashuti, pasi za mwisho, na kabla ya kumtoa mtu natazama mechi zake tatu za mwisho. Tatu zikiwa tupu, nje. Sina huruma, na ndiyo maana ninaongoza.

"Mpira unadunda, Bwana Lugendo," Kapufi huniambia.

"Unadunda kwa kanuni," humjibu.

Jumapili hiyo dirisha lilikuwa lifungwe saa tano asubuhi. Nililala nikijua kwamba lazima nimtoe beki mmoja, ila sijaamua ni yupi.

Basi naota. Dirisha la usajili liko katikati ya shamba la tumbaku iliyokwisha kuvunwa. Halina nyumba. Ni dirisha tu, limesimama, lina nondo na pazia la maua. Mbele yake kuna foleni ndefu ya wachezaji waliovaa bukta, kila mmoja na godoro lake kichwani na ndoo mkononi, maana wanahama.

Aliye mbele yangu ni mshambuliaji, pande la mtu, analia.

"Kuna nini, ndugu yangu?" namuuliza.

"Jana nimefunga mabao matatu," anasema. "Sasa wananisajili kwa ajili ya hayo. Nimewaeleza kwamba yamebaki kule ninakotoka, siwezi kuyabeba. Nina godoro tu."

"Na ndoo," nasema.

"Na ndoo," anakubali, anafuta machozi kwa fulana.

Nikafika dirishani. Karani alikuwa ni mita ya maji, ya shaba, ya zamani, kioo kimeingia ukungu. Kwa kuwa ilikuwa na umri kunizidi, niliiamkia.

"Marahaba," ikaitika. "Unamtoa nani?"

Nikafungua daftari. Kwenye mstari wa beki wa kushoto, jezi namba tatu, palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe: Mzee Kasele, miaka sabini na tisa. Huyo ni baba yangu mzazi. Sikushangaa hata kidogo kumkuta kikosini.

"Namtoa huyu," nikasema.

"Sababu?"

"Fomu. Mechi tatu za mwisho: sifuri, sifuri, sifuri."

Hapa niwaeleze, maana hili si la ndotoni. Baba yuko Sikonge, anatunzwa na dada yake, Shangazi Kalunde, ambaye naye macho yamefifia. Kumbukumbu zimemponyoka mzee. Mwaka huu nilikwenda kumwona mara tatu. Mara ya kwanza aliniita kwa jina la mdogo wake, marehemu. Mara ya pili aliniuliza kama nimekuja kununua mbuzi. Mara ya tatu aliniamkia. Baba yangu aliyenizaa aliniangalia usoni, akasema, "Shikamoo." Jamani! Sikuweza kuitika. Nilitoka nikasimama nyuma ya choo mpaka gari la kurudi likafika, na tangu siku hiyo sijakanyaga tena. Miezi minne sasa. Nilijiambia, hanitambui, niende nikamfanyie nini? Uliniuma sana moyo, nikauita uchungu ule takwimu.

Mita ikagonga muhuri. "Uhamisho umethibitishwa," ikasema. "Ukishathibitishwa haurudishwi. Dirisha likifungwa, anaondoka."

"Anakwenda timu gani?"

"Hilo hapa hatulijibu."

Sikulipenda jibu hilo. Nilitaka kuuliza tena, lakini mtu akanishika bega kwa adabu. Alikuwa amevaa suti, mguu mmoja wa suruali mfupi kuliko mwingine.

"Mimi ni Bwana Wastani," akasema. "Nina mke mmoja na watoto wawili nukta nne."

"Hongera. Hiyo nukta nne inaendeleaje?"

"Inatambaa. Kwa upande mmoja." Akalichukua daftari langu, akalipekua, akaguna. "Umemtoa kwa mechi tatu?"

"Tatu."

"Bwana mkubwa, mechi tatu! Hata mimi mwenyewe sizaliwi kwa mechi tatu."

Kisha akafungua jalada lake. Lilikuwa nene, limefungwa kwa kamba ya katani. Akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza mahudhurio.

"Kasele, beki. Dakika alizocheza: miaka arobaini na miwili. Mwaka wa surua, amekesha usiku kumi na mmoja. Siku ya kukupeleka sekondari, kilomita sabini kwa baiskeli, mvua kubwa, godoro lako amelibeba kichwani. Alipoulizwa njiani kama hajachoka, alijibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Kadi ya njano moja: alikuchapa kwa kosa lisilo lako. Kesho yake alikuomba radhi."

Nakumbuka radhi hiyo. Aliiomba akiwa amenipa mgongo, anafunga mlango wa zizi. Lakini katika ndoto mtu huwa mkaidi kuliko mchana, na nilisema neno ambalo mpaka sasa linanitia haya.

"Hiyo ni historia," nikasema. "Mchezaji hachaguliwi kwa historia."

"Haya. Tutazame za karibuni."

"Za karibuni ni tatu tupu. Nimekwisha kukwambia."

"Hizo ni zile ulizoziona wewe," akasema Bwana Wastani. "Tangu hapo umemweka benchi. Pointi za benchi hazihesabiwi, bwana, lakini zinaandikwa."

Akafunua ukurasa, na shamba la tumbaku likawa ua wa nyumbani Sikonge. Hatukutembea. Baba amekaa kwenye benchi la mbao karibu na jiko, fulana namba tatu juu ya sweta lake la kijivu. Ana ndevu. Nyeupe, zimepita kifuani, zimepita magotini, zimeshuka chini na kunyooka kuvuka ua mzima hadi kwenye kichuguu. Mshika kibendera anakimbia kandokando yake, maana ndizo mstari wa uwanja.

Mimi baba yangu sijawahi kumwona na ndevu. Mikono yake ilianza kutetemeka miaka minane iliyopita, na tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nikimnyoa. Nilikuwa nikimlaza kichwa kwenye paja langu, anafumba macho, na hatukuwa tukizungumza.

"Wiki ya tano," anasoma Bwana Wastani, "ameletewa kinyozi. Amemkataa. Pointi tisa, hazikuhesabiwa. Wiki ya kumi, kinyozi mwingine. Amemkataa. Pointi kumi na mbili, hazikuhesabiwa."

"Kumkataa kinyozi kuna pointi gani?"

"Sijui. Mimi naandika tu."

Filimbi inalia. Mbuzi wamejipanga kama watazamaji, kimya. Natajwa kwenye kikosi cha kwanza, na mgongoni fulana yangu imeandikwa MWANA. Nataka kuingia uwanjani, siwezi. Natazama chini, magoti yangu yanaishia hewani.

"Miguu yako iko Tabora," ananiambia Bwana Wastani. "Dakika zako ni sifuri. Aliyepangwa asipocheza kabisa, wa akiba anaingia mwenyewe. Kanuni unazijua."

Nazijua. Kibao kinainuliwa, na anayeingia ni mke wangu, Nyanzobe, amevaa joho lake la kwaya na njumu miguuni. Anacheza vizuri mno. Anachota maji. Anapasua kuni. Anakoroga uji, anampasia shangazi bakuli, shangazi anamlisha mzee. Anakusanya mashuka, anayafunga kitita. Kila akimaliza moja mbuzi mmoja anainua kwato, na pointi zote zinaandikwa kwenye jina langu. Nataka kusema si zangu, sauti haitoki.

Halafu mpira unabiringika, unasimama kwenye ndevu za baba. Nyanzobe naye anasimama. Anaweka mikono nyuma, anainamisha uso. Filimbi.

"Mbona hasogei?" nauliza.

"Wewe si mtu wa kwenu?" anasema Bwana Wastani. "Mke wa mwana hamshiki baba mkwe uso."

"Basi aingie mwingine."

"Nafasi hiyo ni kama ya kipa. Beki hawezi kuiziba, hata nahodha hawezi. Kipa anaingia kwa kipa, mwana kwa mwana. Tazama mwenyewe kama kuna wa akiba."

Natazama. Mimi ni mtoto pekee, sikuhitaji kutazama. Kwenye benchi yuko baba tu, na baba hanitazami. Macho yake yako langoni.

"Dirisha linafungwa," ikasema mita.

Ua ukatoweka. Tukawa shambani tena, na wachezaji wote wamekwisha kuondoka. Foleni nzima amebaki mtu mmoja, baba yangu, na sweta lake, na godoro kichwani. Hana ndoo. Anasubiri kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

"Namrudisha!" nikapiga kelele.

"Haurudishwi."

"Nimekosea hesabu!"

Maneno hayo sijawahi kuyatamka maishani mwangu, si ofisini, si nyumbani. Mita ikasimamisha mishale yake.

"Nani amekosea?"

"Mimi. Mimi Lugendo. Nilihesabu uchungu wangu, sikumhesabu yeye."

"Kanuni siwezi kuibadili," ikasema. "Lakini dirisha halijafungwa bado. Kama una mikono, lizuie."

Nikazishika nondo kwa mikono miwili. Dirisha likavuta, nikavuta. Lilikuwa zito ajabu, na nilikuwa nalia kwa sauti, na nyuma yangu nilisikia baba akihamisha uzito wa godoro kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine.

Nikaamka nimeng'ang'ania mbao za kitanda. Kumekucha. Nje kulikuwa na sauti ya maji na ya nguo zikipigwa.

Nilitoka kibarazani. Nyanzobe alikuwa ameinama kwenye beseni, anafua mashuka. Kila Jumamosi huondoka alfajiri kwenda mazoezi ya kwaya na kurudi jioni na kitita, nami sijawahi kuuliza kwaya gani inarudisha watu na mashuka machafu. Nilikuwa na daftari langu, nitauliza saa ngapi?

Shuka moja la buluu lilikuwa bado kavu, limetupwa ukingoni mwa beseni. Juu yake palikuwa na unywele mmoja. Mweupe, mgumu, umejikunja, urefu wa kidole changu. Ndani ya nyumba yetu hakuna mtu mwenye mvi. Niliuokota nikauweka kiganjani.

"Mama Mwashi," nikamwita.

"Abee."

"Kinyozi amekataliwa mara ngapi?"

Akaacha kufua. Povu likamteremka hadi viwikoni.

"Nani kakwambia? Shangazi kapiga simu?"

"Mara ngapi?"

"Mbili," akasema polepole. "Baba Mwashi, usikasirike. Kwaya nimeiacha zamani. Nilikuona huwezi kwenda, nikasema basi niende mimi, mzee asije akadhani tumemtupa."

"Hanitambui, Mama Mwashi."

"Kwani mimi ananitambua? Mimi ananiita mwalimu. Ananieleza kwamba hajalipia daftari la mtoto wake, nimvumilie." Akajifuta paji la uso kwa sehemu ya juu ya mkono. "Majina yameondoka yote. Ukingoja akuite jina, utangoja sana."

"Na kinyozi, anamkatalia nini?"

Aliliinua shuka lililolowa, likachuruzika.

"Kwanza anamwomba mkono," akasema. "Anaupapasa, kidole kimoja kimoja, taratibu, amefumba macho. Akimaliza anamrudishia. Anamwambia, 'Samahani sana, ndugu. Huu sio wenyewe.'"

Nilikaa chini pale pale kibarazani nikalia, mtu mzima, watoto wa jirani wakichungulia uani. Nyanzobe hakunibembeleza. Aliniacha mpaka nilipotulia, akanipa ncha moja ya shuka, yeye akashika nyingine. Akazungusha kulia, nikazungusha kushoto, maji yakamwagika miguuni mwetu.

"Gari la kwanza la Sikonge linaondoka saa mbili," akasema.

"Nitaliwahi," nikamwambia.