Mshipa Uliotupwa Jalalani

Daisi za Bibi Maua zilianza kuchanua kijani. Si majani, maua yenyewe! Pale palipotakiwa petali nyekundu, vilichomoza vijani vidogo vilivyojikunja kama masikio ya panya.

Mkwewe, muuza miche, akapiga makofi. "Mama, hii ni aina mpya! Kesho nakata machipukizi, najaza kitalu chote."

"Taratibu, baba," Bibi akamwambia. Roho yake ilikuwa kwa shina mama, alilolipanda marehemu mumewe, lililozaa kitalu kizima. Kama ule ukijani ni ugonjwa na umeshalifikia, nalo litang'olewa.

Akafunga majani mabichi ya yale maua ya kijani, akampelekea mjukuu wake, fundi wa maabara. Jibu likarudi: hamna kitu.

"Si nilisema!" Mkwe akaanza kunoa kisu.

Bibi hakuridhika. Kwa haraka, bila kuchambua chochote, akapakia kikapuni daisi moja ya kijani pamoja na majani ya shina mama, akaenda maabara mwenyewe.

"Lakini Bibi," mjukuu akasema, "mbona yale ya kwanza yalikuja laini hivyo?"

"Si niliyachambua! Nikatoa ile mishipa migumu ya katikati, kama mboga. Nikuletee takataka?"

Mjukuu akashika kichwa, kisha akacheka mpaka machozi. "Bibi wewe! Vijidudu vya ugonjwa kama huu, fitoplazma, huishi mle mle mshipani, vinakunywa sukari ya mmea. Umeniletea nyumba, mwenye nyumba umemtupa jalalani!"

"Kitendawili!" Bibi akadakia.

"Tega!"

"Mwizi wangu hajifichi uvunguni, anajificha ndani ya bomba."

"Fitoplazma!"

"Haya, tumtoe!"

Safari hii wakakata mishipa tu, wakaisaga. Mashine ikavuma saa nzima na zaidi. Mkwe naye akafika, kisu mfukoni. Hatimaye mjukuu akaweka juu ya taa ya buluu kipande cha jeli chenye njia mbili, moja kwa kila sampuli, na vichwa vitatu vikagongana.

Kwenye njia ya ua la kijani, mstari ukawaka kama kaa la moto.

"Huyo!" Bibi akaruka. "Na njia hii iliyo giza?"

"Ya shina mama. Giza tupu, Bibi. Lina afya!"

Bibi akapiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia.

"Na aina yangu mpya?" mkwe akanung'unika.

"Twende ukaing'oe yote leo hii, baba," Bibi akamwambia, "kabla wadudu warukaji wanaofyonza utomvu hawajamhamishia mwizi kwa shina mama."

Mlangoni mjukuu akamwita. "Bibi! Siku nyingine usichambue."

"Siku nyingine nakuletea mishipa mitupu!"