Upande wa Kushoto wa Friji

Raelene hakuwa mtu wa kuogopa nyoka wala moto wa msituni. Alichoogopa ni joto. Nev, mumewe, anaishi kwa insulini. Bila hiyo sukari inampanda na mwili unaanza kujila wenyewe. Safari ya mwaka uliopita walibeba dawa kwenye sanduku la barafu, kama baba zao walivyobeba nyama na chambo, na kabla hawajafika popote barafu ilishakuwa maji ya uvuguvugu, kalamu za kujidungia dawa zikielea humo. Nev alinusurika kufa. Alipotoka hospitali alianza tena mizaha yake. Raelene hajafanya mzaha tangu siku hiyo.

Kwa hiyo walipoingia dukani katika mji wa Port Augusta, ukingoni mwa jangwa, kuchagua friji ya gari, mama huyu alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kununua jeneza. Nev alishapenda moja pale mlangoni, ndogo, ya chumba kimoja na kirungu kimoja cha kuzungusha.

"Hii hapa. Unazungusha, inapoa. Hata mimi nitaiweza."

"Na bia zako?"

"Zitakaa na dawa. Majirani wazuri hao."

"Nev, kila anayepita kambini anaingiza mkono kuchukua bia. Kifuniko kitakuwa wazi kutwa nzima, na dawa zinapata joto."

"Basi nitawaambia watu waende kwao."

"Wewe? Wewe unayempa mtu bia kabla hujamuuliza jina?"

Muuzaji, mwanamke aliyeungua jua kama wao, akacheka na kuwaonyesha nyingine. Hii ilikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na baridi yake, na kioo kidogo cha namba. Raelene aliuliza yote. Gari likiinama je? Vumbi likiingia? Betri ikiisha? Aligonga kuta, akafungua na kufunga vifuniko mpaka Nev akaenda kujitazamia viti. Mwisho akaichukua hiyo ya vyumba viwili, na hapohapo dukani akatangaza sheria yake: kushoto dawa, kulia bia, na mkono wa mtu usifike kushoto. Hata kalamu moja ambayo Nev alikuwa akiitumia, na ambayo miaka yote ilikaa mfuko wa shati lake, aliagizwa aiweke humo. Nev akatii. Alimwonea huruma mkewe.

Jioni moja walipiga kambi mbele kidogo ya kijiji cha William Creek, kando ya mto usio na maji. Mzee mmoja wa Ballarat aitwaye Des, aliyeegesha trela lake la kulala karibu, akaja na kiti chake mkononi. Huko anayekuja na kiti hupewa bia, na bia iwe baridi. Kumpa mgeni bia vuguvugu ni kama kumkaribisha kwenye nyumba isiyofagiliwa. Des akapiga funda moja, akaiangalia chupa.

"Nev, bwana, hii mmeipasha jikoni?"

"Muulize mwenye friji," Nev akasema, akimnyooshea Raelene kidole.

"Bibie, friji ya fahari yote ile? Yangu kuukuu inang'oa meno kwa baridi."

Walicheka tu, lakini Raelene aliona uso ukimwaka. Si yeye aliyeichagua, tena kwa ubishi? Akainuka, akazunguka nyuma ya gari, akaanza kubonyeza kitufe cha kupunguza joto. Akabonyeza, akabonyeza. Jua lilikuwa linazama na kukipiga kile kioo, hakusoma namba. Na kitufe cha kuhamisha amri kutoka upande wa dawa kwenda upande wa bia hakukigusa hata kidogo.

Asubuhi alipofungua upande wa dawa, ukungu mweupe ulimpiga usoni. Kalamu zote zilikuwa zimeganda, ngumu kama vijiti, pamoja na ile iliyozoea kukaa mfukoni. Akashika ukingo wa gari.

"Mashine yako imechizika," Nev akasema nyuma yake. Akatia kalamu moja kwapani iyeyuke, akanywa chai, kisha akaiinua kwenye mwanga. "Ona. Safi kama maji."

Raelene alikuwa ameyasoma maelezo ya dawa ile mpaka akayajua kwa moyo. Iliyoganda itupwe, hata kama inaonekana safi.

"Nev, nadhani hazifai."

"Nyama inaganda, inayeyuka, tunakula."

Hapo ndipo angesimama imara. Lakini kusimama imara kungemlazimu kusema ni mkono wa nani ulioharibu, na aibu ikamziba mdomo. Mtu anaogopa kitu mwaka mzima, kikija kweli anaogopa kuchekwa. Nev akajidunga, akala mkate na jamu, wakaondoka kuelekea kaskazini.

Kufikia saa sita mchana Nev alikuwa amesimamisha gari mara kwa mara kwenda haja, na maji anakunywa kama ng'ombe. Akajipima. Kipimo hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba sukari imepita kiwango. Akajidunga tena, zaidi. Wakasubiri chini ya mti mkavu, akapima, ikawa vilevile. Kisha akatapika, na pumzi yake ikaanza kunuka matunda yaliyooza. Raelene aliijua harufu ile. Ndiyo aliyoisikia mwaka uliopita.

Aliita kwenye redio ya gari, na redio ikamjibu kwa mkwaruzo mtupu. Akamsukuma mumewe kiti cha pembeni, akashika usukani. Hakuwahi kuendesha gari kwenye njia ile. Matuta madogomadogo yalitetemesha gari mpaka meno yakagongana, na kila alipoongeza mwendo nyuma ya gari iliteleza kwenye changarawe. Akipunguza, Nev anakufa. Akiongeza, wanapinduka wote. Akaongeza. Akalia huku anaendesha, na machozi hakuyafuta kwa sababu hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Ni mimi, Nev. Nilibonyeza upande wa dawa. Sio mashine."

Nev alikuwa anahema kwa kina, kichwa kimeegemea dirishani.

"Nilikuona ukienda," akasema polepole. "Nikasema, hatimaye mke wangu anaijali bia."

Raelene alimwita jina njia nzima, na kila asipojibu alimkamata goti na kulitikisa, mpaka paa za mji mdogo wa Oodnadatta zikaonekana.

Muuguzi wa zahanati alimtundikia Nev maji na insulini isiyoharibika, akaita ndege ya madaktari. Usiku huo Nev alikuwa hospitalini mjini, na alfajiri akaomba mkate na jamu. Daktari alimwambia Raelene kwamba wangechelewa kidogo tu, asingekuwa na mume. Alimwambia kwa upole, na ndiyo maana maneno yale hayakumtoka akilini.

Walirudi kwenye gari lao baadaye, wakiwa na dawa mpya. Kalamu moja sasa inakaa mfuko wa shati la Nev. Vitufe vyote vya friji Raelene amevifunika kwa plasta ya zahanati, tabaka juu ya tabaka, na kioo cha namba amekiacha wazi. Njiani kurudi walimkuta Des kambini, akaja na kiti chake, akapokea bia, akapiga funda.

"Bado vuguvugu, bibie?"

"Vuguvugu."

"Ngoja niirekebishe, ni kazi ya dakika." Akainuka, akaelekea friji.

Raelene alifika kabla yake, akaweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko.

"Ukiigusa, Des, nitakuvunja mkono."

Des akageuka kumtazama Nev, akisubiri cheko. Nev akafungua chupa yake, akanywa.

"Huyu hafanyi mzaha," akasema.

Des akarudi kitini, akainywa bia yake vuguvugu mpaka ikaisha.