Mkopo wa Nusu Msimu

Kila mwaka kulikuwa na mechi moja ambayo Kalume hakucheza, na hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Wenzake wa Nyota ya Mambrui hawakumwelewa. Kiungo mzima, mwenye pumzi za punda, anayekimbia dakika zote tisini na bado akauliza mbona refa amepuliza mapema, siku wanapokuja Mikoko ya Dabaso anavaa shati lake la kanisani, anakaa kwenye benchi kando ya uwanja na kutabasamu peke yake. Sababu ilikuwa kanuni ya ligi ya mkoa. Mchezaji aliyetolewa kwa mkopo hachezi dhidi ya klabu iliyomtoa, isipokuwa klabu hiyo yenyewe iridhie. Mikoko hawakuwahi kuridhia. Kila msimu, kabla ya mchezo kuanza, refa aliwauliza viongozi wa Dabaso kama wana neno juu ya namba sita wa Mambrui, nao wakajibu kwamba wanalo: yule ni wetu, akae nje. Kalume alikuwa akisogea makusudi ili alisikie jibu hilo kwa masikio yake mwenyewe. Yule ni wetu. Maneno hayo yalimtosha mwaka mzima.

Mambrui alikuja kwa nusu msimu tu. Kiungo wa Nyota alikuwa amevunjika mguu, Mikoko walikuwa na viungo wa kutosha, na viongozi wa klabu hizo mbili walijuana tangu walipokuwa wakicheza wao. Mzee Gona, mwenyekiti wa Mikoko, alimsindikiza Kalume hadi Malindi mjini, akamshika bega katikati ya kelele za tuktuk. "Nenda ukawasaidie, mwanangu," alimwambia. "Msimu ukiisha nitakuja mimi mwenyewe kukuchukua." Msimu ukaisha, Gona akapiga simu, mkopo ukaongezwa. Wa pili ukaisha, ikapigwa simu nyingine. Sasa ulikuwa msimu wa nne, na siku hizi viongozi walizungumza wenyewe kwa wenyewe, Kalume akaja kuambiwa baadaye, tena na yeyote aliyekumbuka.

Utauliza kwa nini hakupanda gari akarudi. Dabaso si ng'ambo, na kwao alikuwa akienda, kwenye misiba na harusi, akala na kulala na kuondoka. Lakini kurudi nyumbani kwa mama yako ni jambo moja, na kurudishiwa jezi yako ni jambo jingine. Kalume alikuwa na kiburi cha watu wapole, ambacho hakuna dawa yake. Aliahidiwa kwamba atakuja kuchukuliwa. Basi angechukuliwa; kwenda kujinadi mlangoni kwa Gona kama muuza mitumba hakungewezekana.

Mkewe Caroline alikwisha kuchoka na mkopo huo. Yeye alikuwa na meza yake ya viazi vya karai karibu na uwanja, na watu walitoka mbali kufuata mchuzi wake wa ukwaju. Mtoto wao Phoebe alizaliwa hapohapo, na sasa alizungumza kama watoto wa Mambrui, "baba yuwaja, baba yuwala", mpaka bibi yake wa Dabaso akawa anamcheka. Familia nzima ilikwisha kufika, isipokuwa Kalume. Mpaka leo walikuwa wakilala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, kwa kuwa Kalume alikataa kununua kitanda.

"Baba Phoebe," Caroline alimwambia wiki ile ya mechi, "watu wenye nyumba hulala juu. Sisi tunalala chini kama tumekuja matangani."

"Tukinunua kitanda, tutakibebaje siku tukiitwa?"

"Tukiitwa na nani?"

Kalume akageukia ukutani. Hakukasirika. Swali lenyewe alikuwa akijiuliza kila siku asubuhi akiwa kwenye mashamba ya chumvi, jembe mkononi na jua utosini, na kila asubuhi alijijibu kwamba Mzee Gona si mtu wa kuvunja ahadi.

Kazi ya chumvi alitafutiwa na Muhdhar, kocha wa Nyota, ambaye pia alimpa chumba uani kwake. Muhdhar alikuwa na duka la misumari na saruji, sauti ya mwadhini na mdomo usio na breki. Wachezaji wote walimwita ami, na wote aliwatukana kwa usawa. Alimpenda Kalume, kama mtu anavyopenda kitu alichoazimwa ambacho mwenye nacho ameacha kukiulizia. Alijitahidi kutomkumbusha mtu yeyote.

Jumapili Mikoko walifika mapema kwa lori. Kalume alikuwa tayari kwenye benchi, shati limepigwa pasi. Aliwatazama wakishuka na jezi zao za kijani, na kifua kikamjaa. Aliwajua wengine kwa miguu yao tu kabla hawajainua nyuso. Aliyevaa namba sita, namba yake ya zamani, hakumjua. Kijana mwembamba, mrefu, alikuja moja kwa moja hadi kwenye benchi na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka. Mimi naitwa Mwaro."

"Marahaba," alisema Kalume, na kwa mara ya kwanza maishani akahisi amezeeka. Jezi ile ilimkaa kijana vizuri mabegani.

Refa alikwenda kwa viongozi wa Dabaso. Kalume naye akainuka, akajifanya ananyoosha miguu, akasogea. Refa aliuliza kama kawaida: mna neno juu ya namba sita wa Mambrui?

Mzee Gona aligeuka, akamwona Kalume, akampungia mkono kwa furaha.

"Mwacheni acheze," alisema. "Sisi hatuna neno."

Vijana wa Nyota walipiga mayowe. Haroun, winga wao, alirukaruka kama aliyeshinda bahati nasibu. Muhdhar alishukuru Mungu kwa sauti iliyofika barabarani, kisha akageuka.

"Kalume! Wasimama nini? Vaa!"

Kalume alibaki amesimama. Alimtazama Gona, akingoja acheke aseme ni mzaha, lakini mzee alikwisha kuanza kuzungumza na mtu mwingine. Hata viatu vya mpira hakuja navyo. Ni Caroline aliyekimbia nyumbani kuvichukua, akaacha karai lake motoni chini ya uangalizi wa jirani, akarudi anahema na kupiga magoti kumfunga kamba kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Alikuwa na furaha. Alipoinua macho na kuuona uso wa mumewe, mikono yake ikapunguza kasi.

"Cheza tu," alimwambia taratibu. "Ni mpira."

Kipindi cha kwanza alicheza vibaya kupita kiasi. Kila mpira ulipomjia aliutoa haraka, kama kaa la moto, na kila alipokutana na jezi ya kijani alipunguza mwendo. Mara mbili Mwaro alimpita akiwa amesimama. Muhdhar alimwita majina ambayo hayaandikiki. Wakati wa mapumziko alimwuliza kama ameamua kuwa mti, na kama ni mti, basi atoe kivuli.

Kipindi cha pili mwili ulichoka kumsubiri mwenye nao, ukaanza kufanya kazi wenyewe. Alikaba. Alinasa pasi. Alimgawia Haroun mpira mtamu ambao kipa wa Dabaso aliufikia kwa ncha za vidole, na mashabiki wa Mambrui wakaanza kuliita jina lake. Muhdhar alinyamaza, na hiyo kwake ndiyo sifa. Mabao yalikuwa bado sufuri kwa sufuri na muda ulikuwa unayoyoma.

Ndipo ule mpira ulipodondoka katikati ya uwanja, kwa Mwaro. Aliutuliza, akiwa anamtazama Kalume aliyekuwa mbele yake. Hakumwona Haroun aliyekuwa akimjia mbio kwa nyuma. Mwingine yeyote wa Mambrui angefunga mdomo na kusubiri, kwa kuwa Haroun alikuwa hatua chache tu, na mbele yake palikuwa wazi hadi golini.

Lakini alichokiona Kalume ni jezi ya kijani, namba sita, na hatari inakuja mgongoni.

"Mtu nyuma!" alipiga kelele. "Nyuma, nyuma! Geuka!"

Sauti hiyo ilitoka tumboni, ya misimu yote aliyocheza Dabaso. Mwaro aligeuka bila kufikiri, kama anavyofanya mchezaji yeyote aliyeonywa na mwenzake. Haroun akapita patupu, akateleza, akaanguka. Mwaro akapenyeza mpira mrefu kwa mshambuliaji wake, na kipa wa Nyota hakuwa na la kufanya. Mikoko moja, Nyota sufuri, na dakika zilizobaki hazikutosha hata kulalamika.

Halafu upande wa Dabaso ulielewa kilichotokea, na kicheko kikaanza. Walishikana mabega, walijipiga mapaja. Mtu mmoja ambaye Kalume alikuwa amekula naye wali kwenye sahani moja mara nyingi alikuja hadi kwenye mstari, akainua mikono yote miwili.

"Ahsante, Mambrui!" alipaza sauti. "Mungu akubariki, Mambrui!"

Kalume aligeuka kuona anaambiwa nani.

Haroun aliinuka, mchanga umemjaa magotini. Hakupiga kelele. "Kalume," aliuliza, "ulikuwa wamwambia nani?" Filimbi ya mwisho ilipolia Kalume alivuka uwanja moja kwa moja, akapita wachezaji wa Mikoko waliokuwa wakikumbatiana, hadi kwa Mzee Gona, na kumsalimu kwa Kigiriama. Gona alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa na machozi ya kicheko na alijaribu kuyaficha.

"Umecheza vizuri," alisema Gona. "Hata ulipotusaidia."

"Kwa nini mliniruhusu, mzee?"

Gona alishangaa. "Mwanangu, nilidhani nakufanyia hisani. Kila mwaka nakuona umekaa pale na shati lako, peke yako. Nikasema safari hii tusimtese, tumwache naye acheze."

"Nilipokaa pale nilikuwa wenu," Kalume alisema. Kisha likamtoka, swali alilokataa kuliuliza tangu msimu wa kwanza. "Mtanichukua lini?"

Mzee Gona hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya angedanganya, na Kalume angelala kwa furaha usiku ule. Alikitoa kitambaa chake, akajifuta uso polepole, kicheko kikaisha.

"Tuna Mwaro, Kalume," alisema. "Nawe hapa unapendwa. Mbona hukuniuliza mapema? Miaka miwili ya kwanza ningekuja. Niliona uko kimya, una mke, una mtoto, nikajua umefika." Alimshika bega, palepale alipomshika Malindi. "Nilipaswa kuja hata hivyo. Nilisema nitakuja."

Kalume alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Hakutaka mzee aendelee kuomba radhi mbele ya watu.

Muhdhar alimkuta ameketi kwenye benchi peke yake. Kwa dakika kadhaa alimwaga yote aliyokuwa nayo: kwamba amefungisha timu kwa ulimi, jambo ambalo hata babu zake hawakuliona, kwamba hata adui wa kulipwa angeona haya, kwamba Haroun hatamsamehe mpaka Idi, na yeye Muhdhar mpaka kiyama. Watu walisimama kusikiliza. Kalume aliinamisha kichwa na kuyapokea yote.

Mwishowe ami aliishiwa na pumzi. Akaketi kando yake, benchi likalia.

"Wawataka sana wale?" aliuliza kwa sauti ya chini ambayo Kalume hakuwahi kuisikia.

"Sana, ami."

"Jumanne mazoezi," alisema Muhdhar. "Ukichelewa nakukimbiza mpaka Malindi." Akainuka akaenda zake, akitafuta mwingine wa kumgombeza.

Lori la Dabaso lilikuwa linawashwa. Caroline alikuja na Phoebe mgongoni, akasimama karibu na mumewe; alikuwa amemwona akizungumza na Gona na hakuhitaji kuhadithiwa. Kalume alinyanyuka, wakatembea wote hadi barabarani. Watu wa Mikoko walikuwa wamekwisha kupanda na kuanza kuimba wimbo wao wa ushindi, ule unaowataja wachezaji mmoja mmoja kuanzia kipa, kila mmoja kwa namba yake, na lori zima likaitikia jina lake kwa kishindo cha miguu.

Kalume aliimba nao chini kwa chini. Hakujizuia, na Caroline hakumzuia. Alimtaja kipa, akawataja mabeki wote bila kukosea, huku lori likianza kusogea na vumbi likipanda, naye akatembea kando yake hatua kwa hatua. Walipofika kwenye namba sita, watu wote mle ndani waliinua mikono na kuitikia, "Mwaro!" Yeye peke yake, chini pale kando ya barabara, alikuwa amekwisha kusema "Kalume."